Dakika Tano Juu ya Matete

Ofisini walimwita Bi Kibali, na hakuchukia. Jina lake halisi lilikuwa limebandikwa mlangoni kwa herufi za shaba, lakini hata mfagizi aliyezipangusa kila asubuhi alimwita Bi Kibali. Yeye ndiye alikuwa mkaguzi wa droni wa kanda nzima. Droni za kunyunyizia dawa mashambani, droni za mafundi umeme zinazokagua nyaya juu ya mabonde, droni za wapima ardhi, zote zilipaa kwa saini yake na zilitua kwa neno lake. Kuna zahanati huko milimani ambako mama akitokwa na damu wakati wa kujifungua, mfuko wa damu hushuka uani kwa parachuti kabla mkunga hajamaliza kuita msaada. Aliyezipigania droni hizo, mpaka wakubwa wakachoka kumkatalia, ni huyu Bi Kibali. Alikuwa mkali, lakini mkali wa haki; hata waliomwogopa walikiri hivyo.

Ila kulikuwa na Kipanga.

Kipanga alikuwa mpiga picha za harusi, fundi kweli kweli, na zamani alikuwa mume wake. Waliachana vibaya. Watu walipenda kusimulia kwamba alikwenda kupiga picha harusi ya wenyewe akarudi na mshonaji wa gauni la bibi harusi. Haikuwa hivyo hasa, lakini hadithi ilikuwa tamu kuliko ukweli, na siku moja Bi Kibali aliisikia saluni, kichwa chake kikiwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele, wanawake wawili wakiisimulia huku wanashikana mabega kwa kicheko. Yule mshonaji akazaa upesi. Bi Kibali hakuwa amejaliwa mtoto. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kumpenda tangu siku ya kwanza, alimtumia picha kwenye simu: kitoto kichanga kimefungwa blanketi, bila salamu, bila neno.

Aliyemlilia Bi Kibali katika nyumba ile ni mmoja tu, baba mkwe. Mzee alikuwa fundi saa mstaafu, mtu wa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na enzi za ndoa yao alikuwa akikaa na mkwewe barazani, mmoja ameshika lenzi, mwingine ameshika koleo, wanaongea mambo yao na kucheka. Baadaye akili ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Alisahau majina, akasahau njia, akasahau kwamba kuna talaka. Kila akiamka aliuliza, "Mkwe wangu kasafiri lini? Mbona hakuniaga?" Mshonaji akimletea chai, Mzee alimshukuru kwa adabu kama anavyoshukuriwa mgeni.

Kabla ya siku ya mkasa wenyewe, kulikuwa na suala la leseni. Kipanga alirusha droni juu ya umati wa harusi, jambo lililokatazwa, betri ikamwishia, na kile kidude kikamwangukia shangazi wa bibi harusi katikati ya kilemba. Shangazi alishonwa nyuzi kichwani. Bi Kibali akaifuta leseni na kuizuia droni yenyewe. Hakuna aliyemlaumu. Hata mkaguzi mwenye moyo wa pamba angefanya vivyo hivyo. Lakini msaidizi wake, kijana mpole aliyekaa meza ya pili, alimwona akigonga mhuri ule. Aliwaambia wenzake baadaye kwamba Bi Kibali aligonga kwa nguvu kiasi cha kikombe cha kalamu kuruka.

Basi, siku yenyewe Mzee alitoka nyumbani alfajiri na hakurudi. Wafyatua matofali walimwona akipita nyuma ya matanuri yao, amevaa shati lake jeupe, anatembea haraka kama mtu aliyechelewa miadi, akaelekea kwenye matete. Lile eneo la matete ni kinamasi kikubwa, kimekaa kati ya mji wa zamani na nyumba mpya za watumishi. Kwa miguu hakipitiki. Matete yanampita mtu mrefu, na matope hushika mguu mpaka kiunoni.

Zimamoto wakafika, polisi wakafika, na ikaombwa helikopta ya polisi kutoka mbali. Bi Kibali akaitwa kwa sababu ya kazi yake: helikopta ikija, anga liwe tupu. Alifika katika kiwanja cha matofali akiwa na kizibao chake cha rangi ya chungwa, redio kiunoni na kifaa cha kusikilizia sikioni. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mama mkwe, amekaa juu ya tofali mbichi, kanga imemteleza begani.

"Umekuja kutazama?" mama mkwe akauliza.

"Nimekuja kazini, mama. Pole."

"Alikuwa anakutafuta wewe." Mama mkwe hakumtazama. "Jana kutwa nzima, mkwe yuko wapi, mkwe yuko wapi. Nikachoka. Nikamwambia kahamia ng'ambo ya matete, basi anyamaze. Sikujua atashika njia."

Ilikuwa kweli kwamba Bi Kibali amehamia ng'ambo ya matete, kwenye nyumba za watumishi. Alimpenda yule mzee. Hilo lazima lielezwe wazi, maana yaliyofuata yatamfanya msikilizaji afikiri vingine.

Kisha akasikia mlio. Ulikuwa mlio wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, na aliujua kuliko sauti ya mtu yeyote. Akainua macho. Droni ilikuwa juu ya matete, inakwenda taratibu, mstari baada ya mstari, kama mtu anayepiga pasi. Akageuka. Kipanga alikuwa amesimama juu ya rundo la matofali, ameshika rimoti ya droni ya kuazima, na mkewe, yule mshonaji, amemshikia mwavuli ili jua lisiingie kwenye kioo.

Bi Kibali akawaendea. Wafyatua matofali wakampisha.

"Shusha," akasema.

Kipanga hakuinua uso. "Nimeona kitu cheupe. Pale penye mkondo wa maji, nyuma ya matete marefu. Ngoja niiteremshe nikione vizuri."

"Huna leseni. Shusha."

"Huyo ni baba, wewe!"

"Helikopta inakuja. Ikigongana na hicho kidude chako tutazika watu wengine juu ya huyu tunayemtafuta."

Mkuu wa zimamoto, mwanamume mnene aliyelowa jasho, akaitikia kwa kichwa. Neno la mkaguzi lilikuwa la kweli. Helikopta zimewahi kuangushwa na vitu vidogo kuliko hicho. Kama hadithi ingeishia hapo, Bi Kibali asingekuwa na la kujibu.

Lakini hapohapo sikioni mwake ikaingia sauti ya mwongoza ndege: "Mkaguzi, helikopta bado iko chini. Inajazwa mafuta. Tutakujulisha ikiruka. Kwa sasa anga ni lako."

Hakuna mwingine aliyeisikia. Hata helikopta ingeruka saa hiyohiyo, ingehitaji muda mrefu kufika. Na katika kanuni kulikuwa na kipengele, alikijua vizuri kwa kuwa alikiandika yeye baada ya mafuriko ya mwaka fulani, kwamba mkaguzi aliyepo kwenye tukio anaweza kumruhusu mtu yeyote kurusha, kwa mdomo tu, maisha ya binadamu yakiwa hatarini. Neno moja lingetosha. "Endelea."

Kipanga akamgeuzia kioo. "Tazama. Tazama mwenyewe."

Akatazama. Katikati ya kijani kulikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele.

"Huyo ni ndege tu, yangeyange," akasema. "Kinamasi kizima kimejaa yangeyange."

"Nipe dakika tano. Dakika tano tu, halafu nifunge, nipeleke unakotaka."

Uso wake ulikuwa umejaa vumbi la matofali, na machozi yamechora mifereji miwili. Bi Kibali hakuwa amewahi kumwona akilia. Hakulia siku ya talaka. Siku hiyo alitazama saa. Sasa alikuwa amesimama mbele yake, mbele ya mkewe, mbele ya mji, anaomba. Na Bi Kibali akahisi kitu kinashuka kifuani, kitamu, kama maji ya baridi kwenye koo la mwenye kiu.

"Sema tafadhali," akamwambia.

"Tafadhali."

"Tafadhali nani?"

Mfyatua matofali mmoja akacheka kidogo, akajiziba mdomo. Mshonaji akateremsha mwavuli.

"Tafadhali, Mkaguzi," Kipanga akasema.

Bi Kibali akamwacha asimame hivyo kidogo. Hakuharakisha.

"Hapana," akasema. "Shusha."

Kipanga akaishusha. Ikatua kwa kuruka mara mbili na kulala ubavu. Bi Kibali akainama, akaichomoa betri kwa mkono wake, ikiwa bado na moto, akaitia katika mkoba wake akafunga zipu. Kisha akawaita polisi. Wakamchukua Kipanga kwa kosa la kurusha bila leseni, na alipopitishwa mbele ya mama yake alikuwa bado anaonyesha kwa kidole: "Kwenye mkondo! Waambieni kwenye mkondo, nyuma ya matete marefu!"

Mkuu wa zimamoto alijitahidi. Aliwatuma vijana wake na kamba kufuata kile kidole. Waliingia, wakapotea machoni, zikabaki sauti tu: "Mzee! Mzee wetu!" Ndani ya matete mtu haoni zaidi ya urefu wa mkono wake, na mkondo wa maji si mmoja, iko mingi, inajikunja kama nyoka. Walitoka wameparuzwa nyuso, mmoja amepoteza buti.

"Kutoka chini ni kazi ya kipofu," mkuu akamwambia Bi Kibali. "Hiyo helikopta imefika wapi?"

"Nitauliza."

Akauliza. Ikajibiwa kwamba imesharuka. Baada ya muda, yule mwongoza ndege akarudi sikioni, sauti yake imepoa: wingu zito limekaa njiani, rubani amegeuza, haiji tena leo.

Hapo Bi Kibali akaitoa betri mkobani. Akakimbia mpaka kwa polisi wa zamu. "Mrudisheni Kipanga. Mrudisheni sasa hivi, namruhusu, nampa kibali kwa mdomo wangu."

Polisi akapiga simu kituoni. Aliyekuwa na ufunguo wa mahabusu alikuwa ametoka kula. Akatafutwa. Akapatikana. Ikatafutwa gari. Gari lilipoingia kiwanjani na Kipanga akiwa kiti cha nyuma, tone la kwanza la mvua lilikuwa limekwisha kuanguka juu ya matofali, na kabla hajafungua mlango ikashuka mvua ya kuvunja mabati. Droni ile haikutengenezwa kuruka mvuani. Bi Kibali alisimama dirishani mwa gari ameinyoosha betri mkononi, maji yanamtiririka usoni. Kipanga hakuipokea. Alikaa ametazama mbele, rimoti mapajani, mpaka giza likaingia na mvua haijakatika.

Mzee alipatikana kesho yake asubuhi na wafyatua matofali walioingia na mitumbwi ya kuazima na miti mirefu, maji yalipojaa kwa mvua. Alikuwa ameegemea kishina cha matete, pembeni ya mkondo, mguu umezama, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Daktari alisema hakuzama. Ni baridi, na uchovu, na mvua. Alipoulizwa na mama mkwe alikata roho saa ngapi, daktari, ambaye hakujua yaliyotokea na alidhani anamfariji mtu, akasema, "Hakuteseka muda mrefu, mama. Nadhani jioni hivi alikuwa bado yuko nasi."

Mazishini Bi Kibali alikwenda. Alivaa vizuri, akasimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, akajikunyata. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Mshonaji ndiye aliyemfuata, amembeba mwanawe mgongoni, akaongea naye kwa sauti ya chini na ya heshima.

"Dada, samahani. Familia inaomba uondoke kabla hawajamshusha."

"Nataka kumuaga tu. Nitakaa hapahapa, sitasogea."

"Najua, dada. Lakini ndiyo wameomba."

Na mtu mmoja katika kundi la wanaume, mcheshi wa mtaa, ambaye hakosekani popote watu wakikusanyika, akasema bila kugeuka, "Mwambie hana kibali."

Kicheko kilipita katika lile kundi, kicheko cha kuzuiwa, mabega yanatikisika, watu wameinamisha nyuso kana kwamba wanalia. Bi Kibali akatoka getini. Aliwasikia wakianza kutupia udongo akiwa ameshafika barabarani.

Ofisi ikaunda kamati ya kuchunguza. Wajumbe walikaa katika chumba cha mikutano chenye kiyoyozi kinachodondosha maji, bosi wake katikati. Walimuuliza kama Kipanga alikuwa na leseni. Akasema hapana. Walimuuliza kama helikopta ilikuwa imeombwa. Akasema ndiyo. Walimuuliza kama sheria inataka anga liachwe tupu helikopta inapotarajiwa. Akasema ndiyo. Hakudanganya hata neno moja. Alingoja waulize lile swali, helikopta ilikuwa wapi wakati ule, lakini hawakuuliza. Bosi alifunga kalamu yake.

"Umeilinda ofisi," akamwambia walipobaki wawili. "Wangekuwa wengine wangelegea kwa sababu ni jamaa. Wewe hukulegea. Nataka ukawafundishe vijana."

Akawafundisha. Ndiyo adhabu aliyopewa kwa jina la heshima. Kila lilipokuja kundi jipya la wakaguzi, alisimama mbele yao ukutani pakimulikwa picha ya kiwanja cha matofali, na juu yake maneno "Uamuzi Sahihi Chini ya Shinikizo". Kundi la kwanza likapita. Katika kundi la pili binti mmoja mwenye miwani aliinua mkono.

"Madam, wakati unamwamuru ashushe, helikopta ilikuwa umbali gani?"

"Ilikuwa njiani," Bi Kibali akajibu.

Binti akaandika. Bi Kibali akaendelea na picha inayofuata.

Jumapili iliyofuata mlango wake ukagongwa. Alikuwa mama mkwe, peke yake, viatu vimejaa tope kwa kuzunguka kinamasi chote kwa miguu. Bi Kibali akamkaribisha kiti, akamletea maji. Mama mkwe hakuyagusa. Alikuwa amekonda, mikono imebaki mishipa.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nyumbani kwangu hakukaliki. Mwanangu haongei na mimi. Anasema mimi ndiye niliyemtuma baba yake matopeni, na kweli nilimtuma. Na mimi namwambia, basi hata mkeo wa zamani alikuwa na sheria yake, alilazimika, usimtie dhambi ya bure. Tunavutana hivyo kila siku."

Bi Kibali akamsogezea maji karibu.

"Sasa nakuuliza kitu kimoja, nikalale. Mwanangu anasema alikutazama usoni. Anasema ulipokuwa unamwambia aseme tafadhali, ulisikia raha. Mimi nikamwambia amechanganyikiwa kwa msiba. Mwanamke gani asikie raha na mzee wa watu yuko majini? Niambie wewe."

Jikoni bomba lilikuwa linadondosha. Bi Kibali alitazama mikono yake. Angeweza kusema hapana. Mama mkwe alikuwa amekuja na tope lote lile ili asikie hapana.

"Nilisikia raha, mama."

"Eh?"

"Nilisikia raha. Na helikopta ilikuwa bado haijaruka. Niliambiwa. Ningeweza kumwacha."

Mama mkwe akainuka, akajifunga kanga vizuri, akarekebisha ushungi kama anayekwenda kwa watu.

"Miaka yote nilikusema vibaya," akasema. "Nilikusema kwa majirani, nilikusema kwa ndugu zangu, na nilijua nakuonea. Mara moja tu maishani nimekutetea. Mara moja tu."

Akatoka bila kufunga mlango.

Kesi ya Kipanga ilikuja mahakamani kabla mvua za mwaka ule hazijaisha. Bi Kibali alikuwa shahidi wa serikali. Bosi alimpigia simu asubuhi, akamkumbusha kwamba ni jambo dogo, athibitishe leseni ilifutwa, basi, arudi kazini. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni inalia, na watu wa matanuri wamejaa mabenchi ya nyuma. Kipanga alikuwa kizimbani, shati halijapigwa pasi. Mshonaji alikaa mbele na mtoto. Mama mkwe hakuwepo.

Wakili wa serikali aliuliza maswali yake mepesi, akakaa. Kipanga hakuwa na wakili. Hakimu akamwambia anaweza kumhoji shahidi.

"Sina swali kwake," Kipanga akasema.

"Mheshimiwa," Bi Kibali akasema, "mimi nina la kuongeza."

Akalisema lote. Akasema helikopta ilikuwa chini inajazwa mafuta na yeye alijua. Akasema kanuni ilimpa uwezo wa kuruhusu, na aliyeandika kanuni ni yeye. Akasema lile doa jeupe aliliona, na neno yangeyange lilimtoka kabla hajafikiri, na hata alipofikiri hakulirudisha. Wakili wa serikali alikuwa amesimama, amekaa, amesimama tena.

"Kwa nini hukumruhusu?" hakimu akauliza.

"Kwa sababu alikuwa ananiomba, mheshimiwa. Nilitaka aendelee kuomba."

Hakimu akaandika. Shauri likafutwa siku hiyohiyo.

Nje, kwenye ngazi, Bi Kibali alisimama pembeni. Hakujua anangoja nini. Labda alidhani atatukanwa, na alikuwa amejiandaa kwa matusi. Labda, ndani kabisa, alidhani kuna kitu kingine anachoweza kupewa. Kipanga akateremka na mkewe. Alipofika usawa wake akasimama.

"Umesema ili upate usingizi," akamwambia. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Haya. Nenda kalale."

Akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Mshonaji aligeuka mara moja.

Bosi hakumfukuza. Kumfukuza kungeleta maneno magazetini. Alimhamishia uwanja wa ndege, kitengo cha kukagua vipimo vya mizani za mizigo, chumba kisicho na dirisha, nyuma ya mkanda unaozunguka na masanduku. Jina la shaba likabanduliwa mlangoni. Lile somo la uamuzi sahihi likaondolewa kimya kimya, na kanuni ikaandikwa upya na yule msaidizi mpole: sasa mtu akipotea, anayeruhusu droni ni mkuu wa zimamoto, na mkaguzi hana sauti tena mpaka helikopta iwe imeonekana kwa macho. Ni kanuni nzuri. Bi Kibali aliisoma yote, akakuta koma moja imekaa vibaya, akaiacha.

Zimamoto wakanunua droni yao, na Kipanga akarudishiwa leseni ili airushe. Amewapata watu. Alimpata mama mmoja mwenye kifafa aliyeangukia katika shamba la miwa, na wavuvi wa kambale waliopinduka mtoni, na wote walitoka hai. Akipita matanuri siku hizi, wafyatua matofali humwinulia mikono, na yule mcheshi wa mtaa humbebea sanduku la vifaa.

Mama mkwe alifariki mwaka uliofuata. Bi Kibali alipata habari kwa mwenzake wa kazini, mazishi yakiwa yameshapita. Aliomba ruhusa ya nusu siku, akapewa. Akakaa kitandani amevaa nguo za kutokea, mkoba mapajani, mpaka saa za kazi zilipokwisha. Hakukuwa na mahali pa kwenda.